Taa za Treni ya Bustanini

Watu wazima walikuwa wanacheza treni. Nianze hapo hapo, maana bado naudhika. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye visenti Lushoto anafungua nyumba ya wageni, na mmoja wao, mtu wa Tanga, akanunua treni ya kuchezea kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Akaitandaza bustanini, reli nyembamba kama kidole zikipita chini ya mipichi na mipeasi, wageni waiendeshe wakiwa veranda wanakunywa chai.

Shida ilikuwa kwenye swichi, pale reli inapogawanyika. Ukungu ukishuka, mtu wa veranda haoni swichi imelala kulia au kushoto. Yule bwana wa Tanga akataka taa: nyekundu kwa kulia, kijani kwa kushoto, na zisidanganye hata mvua ikinyesha.

Kazi akapewa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa stesheni Mombo kabla wafanyakazi wa reli hawajapunguzwa. Karani. Alikuwa anakata tiketi.

"Shemeji, wewe si ulisoma fizikia?" akaniuliza.

"Mpaka kidato cha nne."

"Basi utanishikia nyaya. Bwana anatafuta mtu wa kudumu wa kuitunza treni. Nitakusemea."

Hilo la kudumu ndilo lililoniingiza. Mume wangu alikuwa Dar na biashara yake ya mboga, anatuma salamu tu. Mimi na mtoto wa kunyonya tunakula kwa mkono wa mama mkwe. Nilitaka kazi.

Nyaya nilishika zote. Yeye alishika kikombe. Kila upande wa swichi niliweka kikopo cha filamu ya kamera, vile wageni wanavyotupa, ndani yake kijibomba cha kioo chenye vyuma viwili. Reli inayosogea niliifungia sumaku. Ikikaribia, vyuma vinagusana, taa inawaka. Mfuniko nikaupaka mafuta ya mgando ya mtoto, nikauzungushia mpira wa baiskeli.

Ila kabla ya kufunga, kila kikopo nilikikausha jikoni, kwenye uchaga juu ya moto, tunapokausha mahindi ya mbegu. Ukifunga kitu Lushoto bila kukikausha, umekifunga na ukungu wake. Shemeji hakuliona hilo. Kwetu kaka wa mume haingii jikoni kwa mke wa mdogo wake, na huyu mila aliishika barabara, hasa kuni zikihitaji kupasuliwa.

Siku ya majaribio ilinyesha tangu asubuhi. Taa zote zikasema kweli. Bwana akauliza fundi ni nani.

"Ni mimi," shemeji akasema. "Huyu ananisaidia kubeba."

Nilichokuwa nimebeba ni mtoto wa mdogo wake, mgongoni. Kumbishia kaka wa mume mbele ya mgeni sikulelewa hivyo, naye alijua. Kazi akaichukua yeye.

Bwana alipoongeza swichi, shemeji alitengeneza vikopo mwenyewe, kibarazani, asubuhi, ukungu umetanda hata kuku huwaoni. Mafuta akapaka, mpira akazungusha. Wiki haikuisha, nyekundu na kijani zikawa zinawaka pamoja, na treni ikaingia kwenye bwawa la samaki wageni wakitazama.

Akaja akasimama nje ya jiko langu. Nilikuwa nanyonyesha.

"Shemeji, vile vikopo ulivifanyaje?"

"Nilivibeba."

"Acha utani. Ulivifanyaje humo ndani?"

"Ingia uone."

Akakohoa. "Unajua siwezi."

"Basi kamwambie bwana kwamba aliyevitengeneza yuko jikoni."

Alisema atafikiria. Akafikiria, akaenda kumwambia bwana kwamba sumaku ni mbovu, zinatakiwa za Ulaya.

Hapo adabu ikanishinda. Nikambeba mtoto, nikapita bustanini nikang'oa kikopo kimoja cha shemeji, nikapanda veranda. Nikamwamkia bwana shikamoo, nikakifungua kikopo mezani. Matone ya maji yakadondoka kwenye kitambaa chake cheupe.

"Shemeji yako anasema ni sumaku."

"Shemeji yangu alikuwa anakata tiketi. Vinavyofanya kazi nilitengeneza mimi. Vya maji ni vyake, na maji ndiyo yanayowasha taa zote mbili."

Akakitazama kikopo, akamtazama mtoto. "Unaweza kuvirekebisha?"

"Naweza, kazi ikiwa yangu. Na nitahitaji jiko."

Akamwita mpishi, akamwambia anisogezee kiti karibu na moto.

Nyumbani walisema nimemvua nguo kaka wa mume wangu. Mama mkwe akaacha kuitikia shikamoo yangu. Nikaendelea kumwamkia kila asubuhi, kisha nakwenda kazini.