Anwani Niliyoibandika Kwenye Kundi la Matanga

Naona haya kuisimulia hii, lakini nusu ya mtaa wetu wa Kaloleni wanaijua tayari, basi heri muisikie kwangu mwenyewe.

Tulikuwa kwenye matanga ya kaka yangu Barasa, pale ukumbini, tukichanga pesa za gari la kumpeleka Bungoma, na mimi (fundi wa nguo, mtu wa maneno machache) nilikuwa nimetoa kidogo na kuapa mbele ya kamati kwamba sina zaidi. Ndipo rafiki yake aliye Dubai akapiga simu: atatuma mchango kwa bitcoin, zile pesa za mtandaoni, apewe anwani ya kuutumia. Mwenye pochi ya bitcoin kwenye simu nilikuwa mimi tu. Ningemfungulia anwani mpya nikamtumia yeye peke yake, kazi ya dakika moja, lakini kwa haraka (na uvivu, niseme ukweli) nikachukua ile ya zamani, ninayowekea akiba zangu, nikaibandika kwenye kundi la matanga la simuni ili watu wote waone mchango ukiingia.

Na wakaona! Binamu yangu Wekesa aliitafuta anwani mtandaoni, simu ikapita mkono kwa mkono, na mchango ulipotokea ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, hata mimi nikaruka juu, mara ya kwanza kucheka tangu Barasa atutoke.

"Ngojeni kwanza," Wekesa akasema, kidole kikishuka kwenye kioo. "Hapa chini kuna zingine. Mob, tele kabisa! Zinaingia kila mwisho wa mwezi. Bro, si ulituambia umesota?"

Nilidhani wataona ule mchango tu. Kumbe mwenye anwani yako huona kila kilichowahi kuingia, na kilichobaki pia.

Ningeweza kusema ni za mteja. Ulimi ukakataa.

"Ni zangu," nikasema. "Za kununua cherehani ya umeme."

Shangazi Nekesa akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, cherehani haiozi. Mpeleke kaka yako kwanza."

Watu wakaangua kicheko, matangani! Nikaziuza zote palepale kwa shilingi, nikaikabidhi kamati, na Ijumaa tukaondoka na Barasa.

Nimeapa: siku hizi kila anayenilipa nampa anwani mpya ya malipo yake, faraghani, yeye tu. Ila huwa nawaza, ningefanya hivyo siku ile, siri yangu ingesalimika, na Barasa angelala mochari wiki nyingine.