Kidole Gumba cha Mama Mdogo

Mama mdogo anauza supu ya utumbo Chang'ombe, jirani na viwanda, na hajawahi kushika hadubini. Mie nilikuwa nasomea maabara, mbishi kama nini.

Asubuhi moja ya likizo nilimsaidia kuosha. Nikauparua utumbo mwembamba kwa kisu, upande wa ndani, kwa nguvu zilezile nilizoparulia koo la ng'ombe. Ukachanika. Akaninyang'anya kisu.

"Koo linapitisha majani makavu mchana kutwa, lazima liwe gumu, we lisugue utakavyo. Utumbo kazi yake kunyonya! Ukiwa mgumu utanyonya nini? Huu unaoshwa kwa kidole."

Akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba chenye chumvi na ndimu, taratibu, kama anamfuta mtoto uso. Mie nikanuna.

Chuo kilipofunguliwa, tuliviangalia vyote viwili kwenye hadubini. Ngozi ya ndani ya koo ilikuwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka. Ya utumbo ilikuwa safu moja tu ya seli ndefu, zimesimama bega kwa bega. Safu moja, basi! Na mama mdogo aliijua kwa kidole.

Mwalimu akauliza sababu ya tofauti hiyo. Nikajibu kama nilivyofokewa, neno kwa neno. Akanisifu, akataka kujua nimesoma kitabu gani.

Jumamosi nilirudi Chang'ombe. Nikamwamkia, nikakaa mbele ya beseni. Kisu kilikuwa palepale. Nikachukua ndimu.