Wenye Kazi Wamekutaja Wewe

Nimefanya kazi ya kuuliza watu masuali kwa miaka mingi na sijawahi kuajiriwa hata siku moja. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Watu wa utafiti huja Pemba wakitaka kujua akina mama wanazalia wapi, watoto wanakula nini, visima vina maji ya namna gani. Kwa kuwa wao wenyewe hawawezi kupiga hodi kwenye nyumba ya Kojani wakakaribishwa mpaka uani, hututafuta sisi wadadisi. Tunafanya wiki kadhaa, tunarudisha vishikwambi vyao, kisha tunakaa majumbani kusubiri simu nyingine. Aliyekuwa akitupigia simu hiyo ni Maalim.

Maalim alikuwa mwalimu wangu wa skuli. Asubuhi alitusomesha hisabati, jioni akitusomesha dini kwenye chuo cha Kurani. Alipostaafu alikodi chumba ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Chake Chake, akaweka meza, feni na chupa ya kahawa, akawa wakala. Mwenye utafiti akitaka wadadisi humwendea yeye, na sisi tukitaka kazi tunamwendea yeye. Baina yetu na hao aliowaita "wenye kazi" alisimama yeye peke yake, na hakupenda hata kidogo tujuane. Ukimwuliza wenye kazi safari hii ni nani, anakwambia ni watu wazuri. Mmoja wetu aliwahi kumpa mgeni nambari yake ya simu moja kwa moja, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa tena mle ofisini.

Ningeweza kumchukia moja kwa moja ningepumzika. Lakini Maalim ndiye aliyenipa kazi nilipoachika, wakati jamaa zangu wenyewe walikuwa wananipa pole tu. Wengi wetu tulikuwa hivyo, wajane na walioachwa, na alitutafuta kwa makusudi. Alisema mwanamke aliyekwisha pita kwenye shida anajua kumsikiliza mwenziwe. Kwa hiyo tulikuwa tunamsema tukiwa njiani, tukifika mbele yake tunamwamkia kwa adabu zote na kuvua viatu mlangoni.

Jambo jengine la kujua ni kwamba Maalim alikuwa pia mshenga. Ukitaka kuoa ukoo mzito na huna wa kukupelekea posa, unamfuata yeye. Na kazi zote mbili alizifanya kwa namna ile ile. Ataanza kwa kuulizia afya, atasifu ukoo, atamimina kahawa, kisha atasema neno lake mara moja na kukutazama. Hajadiliani. Kwetu msichana akiulizwa habari ya posa akainama akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake, na wazee wanaondoka pale wakijua wamekubaliwa. Maalim amekula halua za watu wengi kwa kimya cha namna hiyo.

Binti yangu wakati huo alikuwa darasa la pili. Nilipoachwa, mimi na baba yake tulikwenda kwa kadhi tukapatana kwamba mtoto atakaa na mimi madamu mimi ninakaa Pemba. Nikihama, au nikisafiri safari ndefu, anakwenda Wete kwa baba yake na mke wake mpya. Nilikubali bila ya kujadili. Niende wapi mimi? Safari zangu za mbali zilikuwa kuvuka kwenda Kojani na kurudi kabla ya magharibi, au kwenda Msuka kwa baba yangu, ambako mtoto ndiko alikojifunza kutembea.

Siku ile Maalim alinipigia baada ya sala ya alasiri, nipite ofisini. Nilimkuta na mtu mzima mmoja nisiyemjua, mfanyabiashara, wanakunywa kahawa. Akanionyesha kiti. Akaulizia afya ya baba, akaulizia mvua za Msuka, akamwambia yule mgeni kwamba mimi ndiye mdadisi wake ambaye wanawake wa Kojani humfungulia mlango bila ya kumwuliza katumwa na nani. Nilijua kuna kitu kinakuja, maana Maalim hakuwa mtu wa kusifu bure.

"Wenye kazi wamekutaja weye," akasema. "Utafiti wa mwaka mzima, Bara, upande wa Lindi. Mwanzo wa mwezi mnaondoka."

Nikainama. Nilitaka kusema nina mtoto, na kwamba mwaka wa Lindi maana yake ni mwaka wa mtoto wangu kulelewa na mwanamke mwengine, na akishazoea huko nani atanirejeshea. Lakini nimkatalie mwalimu wangu mbele ya mtu mzima asiyenihusu? Tena nianze kueleza mambo ya talaka yangu mbele ya mtu mwenye kikombe mkononi? Nikabaki naangalia miguu ya meza.

Maalim alinitazama kidogo, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwenyezi Mungu akutilie kheri." Akanimiminia kahawa na mimi nikainywa.

Nilitoka pale nikiamini sijajibu kitu. Wallahi ndivyo nilivyoamini. Nilijipangia kurudi kesho yake, nimkute peke yake, nimweleze kwa upole. Kesho yake ofisi ilikuwa imefungwa, na kabla ya adhuhuri baba akanipigia simu kutoka Msuka.

"Mwanangu, Maalim yuko hapa. Kaja kuniomba ruhusa ya safari yako, na miye nishampa."

"Baba, nani kakwambia nimekubali?"

"Si alikuuliza ukanyamaza?"

Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililonikata maini. Baba yangu tangu nilipoachwa alikuwa akipita mtaani kwa kuinamisha kichwa, na sasa binti yake ametajwa na watu wa Bara, na Maalim mzima kaja na kanzu yake mpaka barazani kwake. Nikashindwa kumvunja moyo kwenye simu. Nikasema haya, tutaonana.

Jioni akapiga baba wa mtoto. Nani alimpa habari sijui, Pemba nzima ina masikio. "Nasikia wasafiri," akasema. "Basi yuno mtoto n'takuja kumchukua Ijumaa, baada ya sala." Hakuwa na ubaya katika sauti yake. Alikuwa anafuata tulivyopatana. Binti yangu alikuwa kando akasikia. Aliniuliza kama kule Wete wataruhusu alale na paka wake. Nikamwambia akamalize kula, nikaingia chooni nikafungua bomba, nikalia.

Nilimpigia Maalim asubuhi. Akanikatiza kwa mapenzi, akasema tusizungumze mambo makubwa kwenye simu, Alkhamisi atakuwa Msuka kumpelekea mzee tiketi yangu, nije huko tumalize. Tiketi yangu, lakini anapelekewa baba. Nilifunga safari pamoja na mtoto, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno na kuyapangua.

Niliwakuta barazani, Maalim na baba, wamekaa kitako, halua ya Wete imefunguliwa baina yao, kahawa inatoa moshi. Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Nikawaamkia, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango, pale pale wanapokaa wasichana siku ya kupangwa tarehe ya harusi. Maalim akaanza kueleza boti itaondoka saa ngapi na nani atanipokea. Niliona nikimwacha afike mwisho wa maelezo yake nitakuwa nimeshakwenda.

"Maalim," nikasema, "uniwie radhi. Miye siendi."

Baba aliacha kutafuna. Maalim aliweka kikombe chini taratibu.

"Mbona siku ile ulinyamaza?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Sasa miye n'tajuaje kama wafikiri?" Hakupandisha sauti, alikuwa kama anayelalamika. "Tangu skuli weye ndivyo ulivyo. Ukijua jawabu wanyamaza, usipojua wanyamaza. Ungenambia siku ile una udhuru, ningekutetea kwa wenye kazi. Leo jina nishalipeleka, na wao wataona watu wa Pemba hatuna neno."

Alikuwa na haki, na hiyo haki yake ndiyo iliyonipandisha hasira. Angenitukana ningeomba msamaha. Nikaona mwanangu uani anamfukuza jogoo wa babu yake, amesahau kwamba kesho ni Ijumaa, na maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea, yakaja mengine.

"Maalim, weye ndiye uliyetusomesha kuwa anayeridhia kwa kunyamaza ni mwari. Miye si mwari. Nimeolewa, nimezaa, nimeachwa. Mtu kama miye huulizwa, akajibu kwa mdomo wake, na asipojibu hakuna kitu. Hivyo ni katika ndoa. Na kazi je? Kila nyumba unayonipeleka, sharti nimsomee mtu karatasi ya ridhaa kwanza, na nisimwulize hata suali moja mpaka aseme ndiyo, nimesikia. Wanawake wote wa Kojani nimewasomea. Miye mwenyewe hukunisomea hata siku moja."

Maalim aliiangalia halua. Nadhani alikuwa anatafuta kosa katika nilivyosema, kama zamani alivyokuwa akipitia hesabu ya mwanafunzi kwa kidole, na hakuliona. Mwisho akanyanyuka, akatia tiketi mfukoni.

"Basi," akasema. "Kila mtu na riziki yake." Akamuaga baba kwa mikono miwili, akavaa viatu, akaenda zake.

Baba hakunitazama. Aliniambia nimemvua nguo mbele ya mtu aliyemheshimu, akaingia ndani. Usiku ule chakula alipelekewa chumbani. Sikujuta, lakini iliniuma, na bado inaniuma kila nikifika Msuka na kuona namna anavyozungumza na mjukuu wake vizuri na mimi akinijibu kwa neno moja moja. Baba wa mtoto nilimpigia usiku huo huo nikamwambia siendi popote. Akasema haya. Ijumaa ilipita na mtoto wangu alilala kwangu, na paka wake.

Maalim hakuniambia kwamba amenifukuza. Wakala hana haja ya kufukuza mtu, anaacha tu kupiga simu. Ulikuja utafiti wa visima, nikasikia kwa wenzangu. Ukaja wa chanjo. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Nilipomkuta sokoni Chake Chake alinipokea kwa bashasha, akaulizia mtoto yuko darasa la ngapi, akamtumia salamu mzee, akachagua ndimu zake. Nikabaki na mkoba wangu mkononi nikitafuta pa kupenyeza neno kazi, na hakunipa nafasi. Hapo nilikasirika peke yangu njia nzima. Wale wenye kazi walionipenda kiasi cha kunitaja, sikuwajua majina wala walipo, na wao hawakujua kwamba nipo nyumbani nakaanga sambusa za kuuza mlangoni mwa skuli.

Mwaka huu, siku moja asubuhi, ilipigwa hodi. Alikuwa mwanamke kijana, buibui safi, kishikwambi kwenye mkoba, na kwa namna alivyosimama pembeni ya mlango bila ya kuchungulia ndani nikajua ni wa Maalim. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Nikamkaribisha, nikamtandikia mkeka. Alinisomea ridhaa yake vizuri, nikasema ndiyo, akaanza. Watu wangapi nyumbani, maji ya wapi, choo cha namna gani. Alikuwa hodari, akiuliza kama mtu anayezungumza. Alipofika kwenye kazi yangu nikamwambia kwamba zamani nilikuwa mdadisi kama yeye, kwa Maalim, lakini sasa aandike nauza sambusa.

Kidole chake kilisimama juu ya kioo. Nikajua ameshahadithiwa habari zangu, na pengine alivyohadithiwa mimi ni mtu wa kuepukwa. Aliandika, akamaliza masuali yaliyobaki kwa haraka kuliko alivyoanza. Nilimfungia sambusa mbili za njiani. Alizipokea, akasimama, akakaa tena.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nani?"

"Maalim. Jana kaniita ofisini. Kaniambia wenye kazi wamenitaja, niende Bara, mwaka mzima. Na miye nina mama yangu kitandani, hajigeuzi. Sijui hata nianzie wapi kumkatalia."

"Ulimjibu nini?"

"Sijamjibu kitu," akasema. "Nilinyamaza tu."

"Umeshamjibu, mwanangu," nikamwambia. "Saa hizi yuko kwenu."

Aliangalia simu yake. Kisha akainuka akatoka mbio, mkoba wa kishikwambi ameuacha kwenye mkeka wangu.