Mbuzi Waliolala Shimoni

Mchana ule wa safari ya Sake kulikuwa na baridi, bila upepo, na gari lilinuka mvua na mahindi ya kuchoma. Papa alisimama kwenye mawe meusi ya volkano atuonyeshe sisi watoto mlima. Kando ya barabara niliona shimo lenye majani mabichi, mbuzi wawili wamelala humo. Nikaanza kuteremka niwapapase.

"Rudi!" Papa alinikamata shati, akanivuta juu.

"Papa, utawaamusha."

Alinisukuma garini, akaendesha mbio mpaka Sake. Wakati ule sikujua mazuku, hewa isiyo na harufu inayotulia mashimoni na kuua.

Juzi, kule Keshero, nilimkuta kijana akijenga nyumba ukingoni mwa shimo kama lile. Nikamwonya. Akacheka.

"Hapa ni pazuri, muzee. Hata imbwa yetu inalala mule tangu asubuhi."