Ulimi wa Rangi ya Chungwa

Kwetu Kikula dawa haimaliziwi na mgonjwa mmoja. Mtu akipata nafuu anaacha kumeza, zinazobaki zinafungwa kwenye ncha ya kitenge, zinamngoja mgonjwa mwingine. Mama yangu ndiye aliyekuwa bingwa wa mchezo huo.

Kwa hiyo alipougua mapafu, nilimkazia macho. Muuguzi alimpa kapsuli za kuua vijidudu, na vidonge vya vitamini C vya kutafuna, rangi ya chungwa. Akatuambia wazi, "Mama, kunywa yote mbili. Hii vitamine inasaidia mwili tu, haiue microbe. Kapsuli umalize yote, hata ukijisikia muzuri."

Mimi nafanya kazi kiwandani, kwenye vumbi la madini. Kila jioni niliporudi, kabla ya kuvua viatu, nilimsimamia mama kitandani.

"Mama, ulikunywa dawa?"

"Minye nilisha kunywa. Ona lulimi."

Akautoa ulimi, umekolea rangi ya chungwa kama wa mtoto aliyeiba peremende. Nikaridhika. Alinicheka. "Weye njo docteur sasa?" Nami nilijiona mjanja, Mungu anisamehe. Nilidhani nimemshika.

Siku za kwanza alipata nafuu kweli. Alikaa mlangoni, akamenya mihogo, akamgombeza jirani. Halafu homa ikarudi, kali kuliko ya kwanza, na pumzi ikawa fupi. Tulimpakia teksi tukamrudisha hospitali. Daktari aliuliza kama alimaliza kapsuli. Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Zote. Nilikuwa naangalia mwenyewe." Nilikasirika hata kwa kuulizwa.

Mama alisikia. Alinitazama tu, akafumba macho. Alifariki asubuhi ya tatu.

Baada ya maziko, mama mdogo alikusanya nguo zake ili azifue. Akaniita uani. Kwenye ncha ya kitenge cha mama kulikuwa na fundo, na ndani yake kapsuli nane. Vitamini ndiyo aliyoitafuna, kila jioni, na ulimi ukanionyesha nilichotaka kuona.

Nilipiga kelele. Nilimwita marehemu mkaidi, mbele ya watu, nalia huku natukana. Mama mdogo aliningoja nichoke.

"Usimukasirikie," akasema. "Aliniambia hii dawa iko ya weye. Alikuwa anasikia unakohoa usiku. Alisema, minye niko muzuri sasa, mutoto wangu njo mugonjwa."

Kikohozi changu kilikuwa cha vumbi la kazini tu. Kapsuli zile zisingenisaidia chochote, na mama zingemwokoa, au zingempa nafasi. Nimejaribu kumsamehe, na nimeweza. Mimi mwenyewe bado.

Mpaka leo kikohozi kikinishika nyumbani natoka nje, nikakohoe mbali, mama asije akanisikia akaniwekea dawa tena.