Kizibo cha Mashua Kilichochomoka

Nilitoka Mwaya kwa sababu mwanangu alikuwa akiungua homa kule Lyulilo, mbele kandokando ya ziwa, na mganga wa misheni alikuwa kwetu. Mke wangu, Tusekile, alikuwa amekwenda na mtoto kumsalimu dada yake. Nina mashua kuukuu ya mbao, lakini peke yangu siiwezi. Baba akaja kushika usukani.

Hapo nilijitia kitanzi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hakai karibu naye. Sote tulikwisha kubatizwa. Mwiko huo haukubatizwa.

Lyulilo, jioni. Baba alilala ufukweni, mbali na nyumba. Mwenyeji wetu, mvuvi wa Kikisi aliyemwoa dada yake Tusekile, alikagua mashua.

“Karibu, ndaga, asante kwa kuja. Lakini chombo chako kinakunywa maji, bwana.”

Pete ya shaba kwenye tundu la kutolea maji ilikuwa imelika. Kizibo kilizunguka tu bila kushika.

“Nipe siku moja nikuchongee cha mti,” alisema. “Tukipigilie kutoka nje, maji yenyewe yakikaze.”

“Mtoto hana siku moja.”

Nikakizungushia kile cha zamani kitambaa cha gome na nta, nikakikaza kutoka ndani. Nikasema kinatosha.

Alfajiri tuliondoka. Baba nyuma, mimi katikati na kasia, Tusekile mbele kabisa, ametupa mgongo, shuka kichwani, mtoto kifuani.

Jua lilipopanda, karibu na mlango wa mto Lufilyo, mwera, ule upepo wa kusini, ukavuma. Kizibo kikachomoka chini ya miguu ya baba. Alikandamiza tundu kwa kisigino, maji yakapita. Nikiacha kasia, mawimbi yatatulaza ubavu. Yeye akiacha usukani, ni vivyo hivyo.

“Tusekile, njoo uzibe!”

Hakusogea. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, na mtoto hakulia tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikamkasirikia hata baba.

Baba alivua shuka lake, akajifunika kichwa chote hadi kifuani, mkono mmoja ukibaki kwenye usukani.

“Niambie njia,” alisema ndani ya nguo.

Tusekile alinyanyuka. Akaja kinyumenyume, akanipita, akaketi miguuni pa mkwewe, akakisukuma kile kizibo na gome lake tunduni na kukikalia.

“Kulia, baba! Kushoto kidogo! Shika hapo!” nilimwelekeza.

Hivyo ndivyo tulivyofika Mwaya saa sita, mzee asiyeona akiendesha mashua. Mganga alimpa mtoto dawa. Siku ya tatu mwanangu akaomba ndizi.

Nimejifunza kupigilia kizibo kutoka nje, nacho kimekaza mpaka leo. Nilipomwonyesha baba, alikigonga kwa fimbo mara mbili.

“Vizuri,” alisema. “Na mama yake mtoto, mwambie sikumwona. Lakini ndaga fijo, asante sana.”

Nilipomfikishia salamu hizo, Tusekile alilia.