Funda la Maji

Nyumbani kwetu, kijiji cha ziwani nje kidogo ya Musoma, tulisali sala tatu kila alfajiri. Ya kwanza rozari, aliyokulia nayo mama huko Nyegina. Ya pili ya baba, mlokole, ya kufumba macho na kumlilia Mungu kwa sauti. Baba alikuwa amefariki lakini mama hakuiacha sala yake. Ya tatu ya bibi. Unajaza maji mdomoni, unaelekea jua linakotokea, mama anawataja marehemu wetu, na akimaliza unayatema yote kwa mpulizo mmoja. Kutema ilikuwa kazi yangu, mtoto wa kwanza.

"Dispensari ingekuwaga na dawa, ningesali moja tu," mama alisema.

Hakuwa anatania. Mdogo wangu alipougua, ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni na kurudi mikono mitupu. Mganga wa zahanati alimpima joto kwa kiganja, akaandika dawa kwenye karatasi ya daftari, akasema tujaribu Bunda. Bunda nako hakukuwa na kitu. Mama akarudi na karatasi ile ile, akaiweka chini ya mto wa mtoto.

Mimi nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista wetu alituuliza mambo ya nyumbani, nami kwa ujinga wangu nikamweleza habari ya maji.

"Huo ni ushetani," alisema. "Ukitema tena, Jumapili hupokei."

Nilikuwa na miaka tisa na gauni jeupe lililoshonwa kwa shuka. Nililitaka lile gauni kuliko kitu chochote.

Kesho yake mama alipomaliza kutaja marehemu, nikameza. Kisha nikapuliza pumzi tupu, pfuu, kwa nguvu, ili asikie. Alikuwa amefumba macho. Nilifanya hivyo siku nne. Ya tano mdogo wangu hakuamka.

Jumapili nilipokea.

Msibani mama alimwambia kila aliyeingia, "Tulisali zote tatu. Hakuna tuliyorukaga." Wakamjibu kwamba basi amefanya yake yote. Nilijichukia, na bado najichukia.

Baadaye biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Dawa ile ilipangwa kwenye kabati za vioo Musoma mjini, nyingi tu. Mama hakupenda kupita mtaa ule.

Mwishowe akaugua yeye, na dawa tulizokuwa nazo hazikumsaidia. Asubuhi moja akaomba sala zote. Nilisimama mlangoni, maji mdomoni, akawa anataja marehemu kwa kunong'ona kutoka kitandani. Alipomtaja mdogo wangu nusura nipaliwe. Nikatema yote, mpaka tone la mwisho.

Jioni ile alifariki. Ningeweza kujiambia kwamba maji hayakuwa na nguvu yoyote tangu mwanzo. Lakini asubuhi ile, nilipokuwa nafuta midomo, aliniangalia akasema, "Mwanangu, wewe hujarukaga hata siku moja."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."